UCHAMBUZI: Tarakilishi za kale zafufuliwa, je, vijana wa Kamenu wana la kujifunza?

BIASHARA ya kufufua tarakilishi za nyumbani za miaka ya 1980 imeshamiri katika mataifa ya Magharibi. Waliokuwa watoto enzi hizo sasa ni watu wazima wenye mishahara, na wengi wao wako tayari kulipa pesa nzuri ili wapate tena mashine walizojifunzia wakiwa wadogo.

Mnamo Julai 2025, wamiliki wapya wa jina la Commodore, wakiongozwa na Christian Simpson, walianza kupokea maagizo ya Commodore 64 Ultimate. Mashine hiyo inafanana kwa umbo na ile iliyoingia sokoni mwaka wa 1982. Bei yake ilianzia dola 299, takriban Sh38,500 kabla ya ushuru na gharama za kusafirisha.

Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2024, kampuni ya Retro Games ya Uingereza ilikuwa imetoa The Spectrum, nakala ya ZX Spectrum iliyobuniwa na kampuni ya Clive Sinclair mwaka wa 1982. Kampuni iyo hiyo ilikuwa imeuza nakala ndogo ya Commodore 64 mwaka wa 2018 na nyingine ya Amiga 500 mwaka wa 2022.

Kwa mkazi wa Kamenu, mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Thika Mjini, habari hizi huenda zikaonekana kama mchezo wa walioshiba. Familia inayohangaikia karo na kodi ya nyumba haiwezi kutumia Sh38,500 kununua kumbukumbu za utoto wa Mzungu.

Hata hivyo, ukiondoa ile hamu ya kukumbuka ya kale, biashara hii inagusa swali ambalo Kenya imeligharimia mabilioni ya pesa bila kulijibu: je, tunawanunulia watoto wetu mashine ili wazitumie, au ili wazielewe?

Swali hilo lina uzito wa kipekee katika eneo la Thika. Mjini humo ndimo kilimo kiwanda cha magari cha Kenya Vehicle Manufacturers (KVM), kilichoitwa Leyland Kenya hapo awali, ambacho kwa miongo kadhaa kimekuwa kikiunganisha magari kutokana na vipuri vinavyotoka ng'ambo. Kilomita chache kutoka hapo, ukielekea Ruiru na Nairobi, utafika Juja kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), ambako tarakilishi zimewahi kuunganishwa kwa jina la Taifa.

Kwa hivyo, vijana wa Kamenu wamezungukwa na ujuzi wa kuunganisha. Wanachokosa ni nafasi ya kubuni.

Mashine iliyoeleweka yote

Ili kufahamu kwa nini tarakilishi za kale zinathaminiwa, ni muhimu kukumbuka zilivyokuwa. Commodore 64 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 pekee. Makala haya unayosoma yangeijaza kumbukumbu hiyo kwa kunakiliwa mara nne tu au tano.

Mtoto alipoiwasha na kuiunganisha na runinga, hakukaribishwa na picha wala matangazo. Alikutana na neno moja la Kiingereza la kumweleza kuwa mashine iko tayari, na chini yake alama ndogo ikimetameta. Ili jambo lolote litendeke, ilibidi aandike amri kwa lugha ya BASIC. Hata kupakia mchezo kulihitaji amri.

Isitoshe, watengenezaji hawakuficha siri za ndani. Kitabu cha mwongozo kwa waandishi wa programu za Commodore 64 kilichapishwa pamoja na mchoro wa saketi ya mashine nzima. Kijana mwenye bidii angeweza, kwa miezi kadhaa, kujua kazi ya kila kipande kilichomo ndani.

Simu ya kisasa iliyo mfukoni mwa kijana wa Thika ina nguvu maelfu ya mara kuliko mashine hiyo. Lakini hakuna mtu mmoja duniani, hata miongoni mwa wahandisi walioiunda, anayeweza kudai anaielewa yote. Hicho ndicho kilichopotea, na ndicho wanaofufua tarakilishi za kale wanajaribu kukirejesha.

Mbinu tatu

Mashine hizi hufufuliwa kwa njia tatu, na tofauti zake si za kiufundi tu.

Njia ya kwanza, iliyo rahisi zaidi, ni kuchukua chipu ya kisasa kama ile ya simu na kuitungia programu inayoiga mwenendo wa mashine ya kale. Nakala nyingi zinazouzwa madukani ziko hivyo. Gamba ni la zamani, lakini roho ni ya simu.

Njia ya pili ni kutumia chipu maalumu ambayo saketi zake za ndani zinaweza kupangwa upya na mhandisi hadi zitende kazi sawa na chipu za kale. ZX Spectrum Next, iliyochangiwa na umma mwaka wa 2017 na kuanza kuwafikia wanunuzi mwaka wa 2020, imejengwa hivyo. Commodore 64 Ultimate pia iko katika kundi hili.

Mfano bora wa njia hiyo ni MEGA65, iliyoanza kuwafikia wanunuzi mwaka wa 2022. Mashine hii inafufua tarakilishi ambayo Commodore iliiunda kwa majaribio lakini haikuiuza. Waliohusika, wakiwemo wapenzi wa mashine hizo nchini Ujerumani na mtafiti Paul Gardner-Stephen wa Australia, waliamua kuweka michoro na programu zake wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma na kuzirekebisha.

Njia ya tatu ni kutumia chipu za aina ile ile ya kale. Wengi watashangaa kusikia kuwa chipu ya 6502, iliyozinduliwa Marekani mwaka wa 1975 kwa dola 25, ingali na kizazi chake sokoni. Kampuni ya Western Design Center ya jimbo la Arizona bado inauza toleo lake lililoboreshwa, na lolote lile fundi anayejua kulehemu anaweza kulijengea bodi.

Mtu akinunua mashine ya njia ya kwanza, amenunua kichezeo. Akinunua ya njia ya pili iliyo wazi, au akijenga ya tatu, amenunua darasa.

Aidha, si kila anayehubiri ufufuo ni wa kuaminika. Mwaka wa 2016 kampuni moja ya Uingereza, Retro Computers, ilikusanya zaidi ya pauni 500,000 kutoka kwa umma ikiahidi Vega+, kifaa cha mkononi cha michezo ya ZX Spectrum. Wachangiaji walisubiri kwa miaka, ni wachache tu waliopokea vifaa, na mwaka wa 2019 mahakama iliamuru kampuni hiyo ivunjwe. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hata cha kale kikivishwa upya chaweza kuwa kidonda vilevile.

Safari ya Uingereza

Faida halisi ya tarakilishi hizi haipatikani katika michezo yake. Inaonekana katika kile zilichozaa.

Mwishoni mwa 1981 shirika la utangazaji la BBC, likishirikiana na kampuni changa ya Acorn ya mjini Cambridge, lilizindua tarakilishi ya BBC Micro ili kuambatana na vipindi vya runinga vya kuufunza umma. Serikali ililipia nusu ya bei kwa shule. Mashine hiyo ilienea madarasani kote Uingereza.

Wahandisi wawili walioshiriki katika kazi hiyo, Sophie Wilson na Steve Furber, waliendelea kubuni chipu mpya ambayo toleo lake la kwanza lilifanya kazi Aprili 1985. Chipu hiyo iliitwa ARM. Leo takriban kila simu ya kisasa duniani, zikiwemo zile zinazokarabatiwa katika vibanda vya mjini Thika, inaendeshwa na chipu zenye asili hiyo.

Kisha mduara ukazunguka tena. Eben Upton na wenzake wa Cambridge, walipoona kuwa vijana wanaojiunga na chuo hicho kusomea sayansi ya tarakilishi wamepungua na hawana tena mazoea ya kuchezea mashine, waliunda Raspberry Pi. Iliingia sokoni Februari 2012 kwa bei ya dola 35, na matoleo yake yakaitwa A na B kwa kuienzi BBC Micro. Kufikia 2024, zaidi ya mashine milioni 60 zilikuwa zimeuzwa.

Mnamo Novemba 2020 kampuni hiyo ilitoa Raspberry Pi 400, ambayo yote imo ndani ya kibodi kama zilivyokuwa tarakilishi za miaka ya 1980. Ilipozinduliwa iliuzwa kwa dola 70. Hii haiigi mashine yoyote moja ya kale. Inaiga wazo lake, na huenda huo ndio ufufuo wenye manufaa kuliko wote.

Milioni mbili za 2016

Mwaka wa 2016 unatupa mizani nzuri ya kupimia. Katika mwaka huo BBC na washirika wake walianza kuwagawia wanafunzi wa umri wa miaka 11 na 12 nchini Uingereza takriban vifaa milioni moja viitwavyo micro:bit. Hiki ni kibodi kidogo cha saketi kisicho na skrini wala gamba. Hakifanyi lolote hadi mtoto akiandikie programu, na michoro ya muundo wake iliwekwa wazi.

Mwaka uo huo, serikali ya Kenya ilianza kutimiza ahadi ya vipakatalishi iliyotolewa na muungano wa Jubilee katika kampeni za 2013. Zabuni ya awali ya Sh24.6 bilioni iliyopewa kampuni ya Olive ilikuwa imefutiliwa mbali, na kazi ikagawanywa kati ya JKUAT ikishirikiana na Positivo BGH ya Amerika Kusini, na Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na JP Sá Couto ya Ureno.

Baada ya majaribio katika shule 150, zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma. Kwa idadi, Kenya haikuachwa nyuma na Uingereza hata kidogo.

Tofauti ilikuwa katika kilichomo. Tableti zilizofika katika shule zetu zilikuja zikiwa na masomo yaliyopakiwa tayari. Mtoto alitarajiwa kubonyeza, kutazama na kujibu. Hakuna kilichomwalika kuuliza mashine inafikirije, na gamba lilipofungwa kiwandani lilifungwa kabisa.

Vifaa vilipoanza kuharibika, walimu wengi hawakuwa na la kufanya. Vingine viliibwa, na vingine vikakaa makabatini kwa kuhofia kuibwa. Kufikia 2019 serikali ilikuwa imebadilisha mwelekeo na kuanza kuzungumzia ujenzi wa maabara za tarakilishi badala ya kugawa vifaa.

Si haki kuwalaumu mafundi wa Juja kwa hilo. Walifanya walichoombwa, nacho ni kuunganisha kwa haraka na kwa bei iliyokubaliwa. Tatizo lilikuwa katika ombi lenyewe. Mkataba unaohesabu vifaa utaleta vifaa, na hauwezi kulaumiwa kwa kutoleta ujuzi ambao haukutajwa.

Tumewahi kuwa nazo

Kuna wanaodai kuwa Kenya haikupitia enzi ya tarakilishi za nyumbani, na kwa hivyo haina cha kufufua. Dai hilo lina ukweli nusu. Ni familia chache sana za Kenya zilizomudu Commodore au BBC Micro katika miaka ya 1980.

Lakini waliokua katika miaka ya 1990 na ya 2000 wanazikumbuka vyema mashine za bei nafuu za michezo ya runinga kutoka Asia, zilizouzwa na kaseti zenye maandishi ya kujigamba kuwa zina mamilioni ya michezo. Baadhi zilikuja na kibodi kamili na lugha ya BASIC.

Ndani yake mlikuwa na nakala ya mashine ya Nintendo ya mwaka wa 1983, na chipu yake ilikuwa ya ukoo wa 6502, sawa na Commodore 64, Apple II na BBC Micro. Maelfu ya watoto wa Afrika walikuwa na tarakilishi ya kale iliyofufuliwa sebuleni bila kujua. Hawakujua kwa sababu hakuna aliyewaletea kitabu cha mwongozo.

Mwaka wa 2008 Derek Lomas na wenzake waliziona mashine kama hizo zikiuzwa nchini India kwa takriban dola 12, wakaanzisha mradi wa Playpower wa kuziundia michezo ya kufunza. Walichotambua ni kwamba mashine ya kufunzia ilikuwa tayari imefika nyumbani kwa maskini. Kilichokosekana kilikuwa maarifa ya kuambatana nayo.

Nchi nyingine zilizobanwa zilitumia nafasi hiyo mapema. Katika Muungano wa Sovieti, wahandisi waliichunguza ZX Spectrum na kuchora nakala zake, ambazo wapenzi wengi walizijenga nyumbani kwa mikono yao. Nchini Brazil, ambayo sheria ya 1984 ilizuia uagizaji wa tarakilishi, kampuni ya Microdigital ilitoa nakala yake iitwayo TK90X.

Sera ya Brazil ilikuwa na gharama. Wateja walilipa bei ya juu kwa mashine zilizopitwa na wakati, na hatimaye nchi hiyo ililegeza masharti mapema katika miaka ya 1990. Kenya haina haja ya kufunga mipaka yake. Hata hivyo, jambo moja ni dhahiri: mhandisi aliyelazimika kuchora upya mashine nzima alijua mengi kuliko aliyepokea makasha ya vipuri yenye maagizo ya kukaza skrubu.

Pingamizi

Wapo watakaouliza kwa nini kijana wa leo apoteze muda na kilobaiti 64 wakati dunia inazungumzia akili unde. Ni swali la haki, kwani mwajiri wa Industrial Area hatamwajiri mtu kwa kuijua BASIC.

Jibu ni kwamba hakuna anayependekeza turudi nyuma. Mwanafunzi wa udaktari hupasua mwili mmoja ili aelewe miili yote. Mashine ndogo inayoeleweka yote humpa mwanafunzi imani kwamba hata kubwa zina mantiki, na kwamba si uchawi. Kadiri mashine zinavyozidi kutufikiria, ndivyo imani hiyo inavyozidi kuhitajika.

Pingamizi la pili ni gharama, na hapa wakosoaji wana hoja nzito zaidi. Shule ya umma haifai kununua Commodore 64 Ultimate. Pesa hizo zingenunua vifaa kadhaa vya aina ya micro:bit, au vipuri vya kutosha darasa zima kujijengea bodi sahili. Runinga na skrini kuukuu, ambazo zimejaa katika karakana zetu, zingetumika badala ya kutupwa.

Nini kifanywe

Wakati wa kuamua ni sasa. Kundi la kwanza la mfumo wa elimu ya umilisi lilijiunga na Gredi ya 10 mwaka wa 2026, na wanaofuata mkondo wa sayansi na teknolojia watahitaji maabara. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) nayo iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu katika shule mwaka wa 2022. Vifaa vitanunuliwa. Suala ni vya aina gani.

Kwanza, kila zabuni ya vifaa vya shule inafaa kudai kwamba muuzaji awasilishe michoro ya saketi, mwongozo wa ukarabati na orodha ya vipuri. Asiyekubali kufungua mashine yake asipewe pesa za umma.

Pili, Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti ya Kiambu inaweza kuanzisha mafunzo ya kutengeneza bodi za elektroniki katika vyuo hivyo, na kuwaalika kama wakufunzi mafundi wa simu ambao tayari wanabadilisha chipu kwa mikono yao kando ya barabara. Hao hawakosi ustadi, wanakosa nadharia na cheti.

Tatu, JKUAT iwape wanafunzi wake kazi ya kubuni tarakilishi ndogo ya kufunzia, kisha ichapishe michoro yake kwa Kiswahili na Kiingereza. Haihitajiki iwe na nguvu. Inahitajika ieleweke, iweze kujengwa upya Kamenu, na ikiharibika iweze kurekebishwa huko huko.

Mtumai cha ndugu hufa maskini. Kwa miaka mingi Thika imekuwa ikikaza skrubu za magari na tarakilishi zilizobuniwa kwingine, na kazi hiyo imelisha familia nyingi. Lakini anayekaza skrubu pekee hulipwa kwa saa, na siku kiwanda kinapohamia penye vibarua wa bei ya chini zaidi, hubaki mikono mitupu.

Waingereza wanaonunua upya mashine za utotoni mwao wanakumbuka kitu cha kweli. Wanakumbuka siku ambapo mtoto wa kawaida aliruhusiwa kuona ndani. Mtoto wa Kamenu hana siku kama hiyo ya kukumbuka, na ni juu ya wanaoandika zabuni za mwaka huu kuamua iwapo atapewa.